Maziwa mabichi ya chupa: matamu kweli, ila nyota mbili tu

Nianze na sifa nisije nikaonekana nina roho mbaya. Chupa safi, lebo nzuri imeandikwa "asilia, hayajachemshwa", malai juu yameganda kidole kizima, na ladha jamani, ya pakiti hayafui dafu. Wiki ya kwanza nilikuwa nawapigia debe mpaka kazini.

Chupa ya tatu ndo ikanimaliza. Na hakuna kilichobadilika, harufu ileile, ladha ileile, yaani siku niliyokunywa sikushtuka chochote, siku ya tatu tumbo likaanza kusokota, homa, kuharisha mpaka damu, maabara wakapima choo wakakuta Campylobacter, bakteria wa kuharisha. Swali la kwanza la daktari lilikuwa, umekunywa maziwa mabichi?

Nikamwandikia muuzaji, akajibu eti ng'ombe wake wana afya na banda linaoshwa kila siku. Sikatai, sawa. Ila ng'ombe mzima kabisa anaweza kubeba hivi vijidudu tumboni na asiumwe, kinyesi kidogo tu kwenye kiwele kinatosha, halafu maziwa yote yanamiminwa tangi moja, basi ng'ombe mmoja kawachafulia wenzake. Friji nayo haiui, inavichelewesha tu, na Listeria ndo kabisa, inazaliana humohumo kwenye baridi (wajawazito hii mkae nayo mbali, inaharibu mimba). Marekani, kati ya 2023 na 2024, watu 171 waliugua Salmonella kwa maziwa mabichi yaliyotoka California, wengi wao watoto. Mi nililala siku nane nikainuka, ingekuwa bakteria mwingine, E. coli O157, na aliyeipata ni mtoto wa miaka mitatu, hapo tungekuwa tunaongelea figo kushindwa kazi.

Kwenye lebo wanasema pia moto unaua virutubisho. Wapi! Kiwandani ni nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa, protini na kalsiamu hazisogei, vitamini C ndo inapungua kidogo na sijui nani anakunywa maziwa akitafuta vitamini C.

Kwa hiyo nyota moja ya ladha, moja ya chupa. Chupa mbili zilizobaki kwenye friji nilizimimina sufuriani nikachemsha mpaka yakafoka, malai yakaharibika lakini utamu ulikuwepo bado. Wangeandika tu "chemsha kwanza" ningewapa nne.