Tuisheni ya hisabati Ngamiani: somo la shufwa na witiri

Kwa miezi miwili sasa mwanangu, aliye darasa la sita, anahudhuria tuisheni ya hisabati inayofundishwa jioni katika nyumba moja ya Ngamiani, hapa Tanga, kwa ada ya shilingi 15,000 kwa mwezi. Nimeketi barazani mara tatu nikimsikiliza mwalimu tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaoniuliza kama fedha hiyo inatumika vizuri.

Somo lililonivutia zaidi ni la kutambua kama jumla ya namba kamili zinazofuatana ni shufwa (inagawanyika kwa mbili bila baki) au witiri (haigawanyiki hivyo) bila kuzijumlisha. Mwalimu hakuanza na kanuni. Aliwauliza watoto: mtu akitoka barabara ya 6 hadi barabara ya 15, kisha akajumlisha namba za barabara zote hizo, atapata shufwa au witiri? Kwa kuwa barabara za Ngamiani zinaitwa kwa namba, hakuna mtoto aliyehitaji kufafanuliwa swali. Wengi walianza kujumlisha kwa vidole. Mwalimu akawazuia, akaziandika namba zote kumi katika mstari mmoja ubaoni, akaunganisha 6 na 15 kwa upinde wa chaki, 7 na 14, na kuendelea hivyo hadi 10 na 11. Kila upinde ulikuwa na 21, na pinde zilikuwa tano. Jumla ni 105, nayo ni witiri. Kisha akafuta 14 na 15 na kuchora upya: pinde nne za 19, jumla 76, shufwa.

Sababu aliieleza kwa utulivu ambao sijauona kwa walimu wengi. Idadi ya namba zinazofuatana ikiwa shufwa, ya kwanza na ya mwisho haziwezi kuwa za aina moja. Lazima moja iwe shufwa na nyingine witiri, kwa hiyo kila upinde ni witiri, na kinachobaki ni kuhesabu pinde tu: pinde zikiwa witiri jumla ni witiri, zikiwa shufwa jumla ni shufwa. Idadi ya namba ikiwa 10, 14 au 30, jumla ni witiri. Ikiwa 8, 12 au 100, jumla ni shufwa, namba zianzie popote zinapoanzia. Usiku ule mwanangu alijaribu mwenyewe kuanzia hasi 3 hadi 2, akapata pinde tatu za hasi 1, jumla hasi 3, akanifuata jikoni na daftari mkononi kunionyesha kwamba hata chini ya sifuri kanuni inasimama.

Nilifurahi pia kwamba mwalimu hakuyapita maneno yenyewe kwa haraka. Mtoto aliyesoma madrasa ameshakutana nayo, kwa kuwa aya ya 3 ya Sura ya Al-Fajr inaapa kwa shufwa na witiri, na swala ya witiri inajulikana katika kila nyumba ya Kiislamu ya mwambao huu.

Kasoro ipo, na si ndogo. Idadi ya namba inapokuwa witiri, pinde huacha namba moja katikati bila mwenzake, na sehemu hiyo ilifundishwa kwa dakika tano za mwisho, adhana ya magharibi ikikaribia. Watoto waliambiwa tu watazame namba ya katikati: 7, 8 na 9 hutoa 24, ilhali 8, 9 na 10 hutoa 27. Hawakuambiwa kwamba jumla ni namba ya katikati ikizidishwa kwa idadi, na kwa kuwa idadi yenyewe ni witiri, jumla hufuata aina ya hiyo ya katikati. Nilimpa mwanangu 5 hadi 11. Akaitazama 5 iliyo mwanzoni, akajibu witiri, ilhali katikati ni 8 na jumla ni 56.

Madaftari nayo hayasahihishwi kila wiki, na kwa watoto thelathini hivi walio na mwalimu mmoja naelewa ugumu wake, lakini kosa kama hilo lingeonekana mapema. Nimeshalipa ada ya mwezi ujao, na nimemwomba mwalimu airudie namba ya katikati, kwa pinde zilezile, kabla ya kuingia kwenye somo la sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika.