Vifaa vya kutuliza trela la gurudumu la tano likiwa limeegeshwa: kipi ununue kwanza

Trela la kuishi la gurudumu la tano, lile linalofungwa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu na si kwenye bampa, likishafunguliwa hubaki limesimama juu ya vitu viwili tu: springi na matairi katikati, na miguu miwili mbele. Kingpini, yaani pini nene ya chuma ya mbele inayoingia kwenye kiungio cha pikapu, inabaki hewani. Nyuma, futi kadhaa za chumba zinaning'inia bila nguzo. Mtu mmoja akigeuka kitandani, aliye jikoni anasikia.

Mwongozo huu ni wa anayeishi au anayesafiri na trela la aina hii Marekani na Kanada, ambako ndiko linakotumika kwa wingi. Bei tulizotaja ni makadirio kwa dola za Marekani. Aliyewahi kuvuta semitrela kutoka Mombasa au Dar es Salaam hatakuwa mgeni hapa: kingpini ni ileile ya inchi 2, na miguu ya mbele inafanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba hakuna anayelala ndani ya kontena, kwa hiyo kuyumba kwake hakumsumbui mtu.

Kabla ya kutoa pesa, tambua trela lako linacheza vipi. Kuna mwendo wa mbele na nyuma, unaotokana na matairi kujiviringisha kidogo na miguu ya mbele kupinda kwenye maungio yake. Kuna mwendo wa ubavuni, ambao ndio unaoudhi zaidi, kwa sababu miguu mirefu iliyosimama wima haina kitu cha kuizuia isiegemee upande. Na kuna kudunda juu na chini, kunakotoka kwenye springi. Kila kifaa kinatibu mwendo mmoja vizuri na mingine kidogo tu. Wengi hununua jeki zaidi na zaidi wakati tatizo lao ni la ubavuni, na jeki iliyosimama wima hailizuii hilo hata ikiwa ya tani ngapi.

Jambo jingine: kusawazisha na kutuliza ni kazi mbili. Jeki ya kusawazisha imeundwa kuinua uzito. Jeki ya kutuliza inagusa fremu, inakazwa kidogo, basi. Ukiinua trela kwa jeki ya kutuliza utapindisha fremu, na dalili ya kwanza ni mlango kuanza kukwama.

1. Mbao na miguu mifupi (dola 0 hadi 60)

Tunaanza hapa kwa sababu hakuna kifaa kinachofanya kazi vizuri bila hili, na kwa sababu linaleta nafuu kubwa kuliko bei yake. Mguu wa mbele una sehemu mbili. Ya kwanza ni bomba la ndani linaloteremshwa kwa pini na matundu; ya pili ni jeki yenyewe, inayosukuma kwa mota au hidroliki. Kadiri jeki inavyotoka nje zaidi, ndivyo mwanya mdogo uliopo kati ya bomba na bomba unavyozidi kuwa mchezo mkubwa pale juu. Kwa hiyo weka rundo imara la mbao chini ya kila mguu, teremsha bomba la ndani kwa pini hadi likaribie kugusa, kisha jeki imalizie inchi chache zilizobaki.

Hesabu ya uzito inaonyesha kwa nini mbao ni lazima. Chukua trela la pauni 12,000, yaani karibu kilo 5,400. Uzito unaokaa kwenye pini kwa kawaida ni asilimia 15 hadi 25 ya uzito wote. Tuseme 20, ambayo ni pauni 2,400. Lakini miguu haiko kwenye pini, iko nyuma yake, karibu zaidi na ekseli, hivyo inabeba zaidi. Pini ikiwa futi 24 kutoka kwenye ekseli na miguu futi 18, miguu inabeba 2,400 × 24 ÷ 18, yaani pauni 3,200, au 1,600 kila mmoja. Kwenye sahani ya inchi 9 kwa 9 hiyo ni karibu pauni 20 kwa kila inchi ya mraba. Juu ya udongo ulionyeshewa, mguu mmoja utazama usiku na asubuhi trela litakuwa limelala upande.

Kata vipande vya mbao ya inchi 2 kwa 12, kila kimoja urefu wa futi moja, vinane vinatosha kuanzia. Vipange kwa kupishana nyuzi, tabaka la chini likiwa pana kuliko la juu. Vibao vya plastiki vinavyoshikana ni vyepesi na havinyonyi maji, ila kwenye changarawe yenye mawe makali huweza kupasuka vikikosa kulaliwa sawasawa. Usitumie matofali ya saruji yenye matundu: yanavunjika ghafla, bila kutoa ishara.

2. Kabari za katikati ya matairi (dola 50 hadi 90 kwa jozi)

Hiki ni kifaa cha chuma chenye umbo la X kinachowekwa kati ya tairi la mbele na la nyuma la ekseli mbili, kisha kinapanuliwa kwa spana hadi kibane matairi yote mawili. BAL X-Chock ndiyo inayojulikana zaidi. Inaua mwendo wa mbele na nyuma kuliko kitu kingine chochote cha bei hiyo, na inafungwa kwa dakika mbili kila upande.

Pima kabla ya kununua. Nafasi kati ya matairi, pale yanapokaribiana zaidi, inapaswa kuwa kati ya inchi 3.5 na 10. Matrela yenye matairi makubwa na ekseli zilizokaribiana mara nyingine hayana hata inchi 3, na hapo kifaa hakiingii kabisa.

Makosa matatu yanarudiwa sana. La kwanza ni kukitegemea kama breki. Hakichukui nafasi ya kabari za mpira za kuzuia trela lisitembee. Hizo ziwe mbele na nyuma ya matairi kabla hujafungua pikapu, kwa kuwa trela la aina hii halina breki ya mkono. La pili ni kukikaza kabla ya kusawazisha. Uzito ukihama, ekseli nazo husogea na nafasi kati ya matairi hubadilika, kwa hiyo kaza mwishoni. La tatu ni kukiacha wiki nzima bila kukikagua: usiku wa baridi hewa ndani ya tairi husinyaa na kifaa hulegea. Kikaze tena asubuhi ya kwanza, matairi yakiwa baridi, lakini kwa nguvu ya mkono tu.

3. Vyuma vya mshazari (dola 300 hadi 700)

Kama bajeti yako inaruhusu ununuzi mmoja mkubwa, uwe huu. Ni vyuma virefu vinavyotoka karibu na nyayo ya mguu na kupanda kwa mshazari hadi kwenye fremu, vikiunda pembetatu. Mguu wima peke yake unaegemea. Mguu uliofungwa kwenye pembetatu hauwezi kuegemea bila chuma kurefuka au kufupika, na chuma hakifanyi hivyo. Ndiyo maana mwendo wa ubavuni unapungua kwa namna ambayo jeki za ziada haziwezi kuleta.

Kuna mifumo miwili inayopatikana kwa urahisi. JT's Strong Arm hutumia mabomba yanayoingiana, yanayobaki yamefungwa chini ya trela wakati wote. Ukifika kambini unakaza skrubu zenye mpini, ukiondoka unalegeza. Steadyfast ina vyuma vichache zaidi. Kwa mwenye fundi wa karibu, au anayejua kutumia drili, kazi ya kufunga ni ya nusu siku.

Unapopanga mahali pa kufunga, chuma kikaribie nyuzi 45. Kikilala sana au kikisimama sana, nguvu yake inapotea. Kila mguu uwe na chuma kinachozuia ubavuni na kingine kinachozuia mbele na nyuma. Ukizuia mwelekeo mmoja tu, mwendo mwingine unabaki kama ulivyokuwa. Na usitoboe midomo ya juu wala ya chini ya chuma cha fremu chenye umbo la I, kwa sababu hapo ndipo nguvu ya fremu ilipo. Tumia vibano vilivyokuja na kifaa, au toboa ubavu wa kati, na kama trela bado lina dhamana, muulize mtengenezaji kwanza.

Kosa la vyuma hivi ni moja na ni la gharama: kupandisha au kuteremsha mguu skrubu zikiwa zimekazwa. Mota ya jeki ina nguvu ya kupinda bomba au kung'oa kibano kwenye fremu. Funga kitambaa chekundu kwenye swichi ya miguu kila unapokaza. Kinagharimu senti na kinaokoa mamia ya dola.

4. Jeki za mkasi za nyuma (dola 60 hadi 130 kwa jozi)

Matrela mengi huja na jeki za nyuma tayari. Kama lako halina, au za kiwandani ni dhaifu, jozi ya jeki za mkasi zilizoandikwa pauni 5,000 au zaidi kila moja inatuliza kudunda kwa nyuma na kupunguza kidogo mwendo wa ubavuni. Hazipiti vyuma vya mshazari, ila pale ambapo nyuma ni ndefu na chumba cha kulala cha watoto kiko huko, zinahitajika.

Zifunge kwenye vyuma vikuu vya fremu. Bampa la nyuma mara nyingi ni bomba jembamba la kuwekea mpira wa maji machafu, halibebi kitu. Pima urefu kutoka fremu hadi ardhini trela likiwa sawa, kwa kuwa fremu za gurudumu la tano ziko juu. Jeki ya inchi 24 ikifunguliwa hadi mwisho inasimama kama mlingoti na kuyumba. Afadhali mbao chini yake na mkasi ubaki umetanuka kwa upana, usiinuke hadi mwisho. Ikishagusa ardhi, ongeza nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja. Ukitumia drili ya betri, weka klachi chini, maana drili haijui jeki imegusa lini.

Zile jeki ndogo za alumini zinazouzwa nne kwa pamoja, zenye urefu wa inchi 11 hadi 17, hatuzipendekezi kwa trela hili. Hazifiki kwenye fremu bila rundo refu la mbao, na rundo refu huondoa uthabiti uliokuwa unautafuta.

5. Stendi ya miguu mitatu ya kingpini (dola 60 hadi 150)

Inasaidia mbele, hasa kitanda kikiwa juu ya pini, ila msaada wake ni wa wastani. Ukishafunga vyuma vya mshazari kwenye miguu ya mbele, hutaona tofauti kubwa. Inafaa kwa anayekaa miezi mahali pamoja penye zege au ardhi iliyoshindiliwa.

Hatari yake: ukiirudisha juu miguu ya mbele stendi ikiwa chini ya pini, uzito wote wa mbele unahamia kwenye kitu ambacho hakikuundwa kuubeba. Isogeze kwanza, ndipo uguse swichi.

6. Mfumo wa hidroliki wa kujisawazisha (maelfu ya dola pamoja na kufunga)

Level-Up ya Lippert na Bigfoot ya Quadra ni mifumo mizuri sana ya kusawazisha. Unabonyeza kitufe na trela linakaa sawa baada ya dakika chache. Kwa mtu anayehama kila wiki, au ambaye mgongo haumruhusu kuinama, ina thamani yake, na ukikuta trela limetoka nayo kiwandani usisite.

Tunaiweka mwisho kwa sababu anayetafuta utulivu tu analipa sana kwa kitu kingine. Bomba la hidroliki likitoka mbali linacheza ubavuni kama jeki yoyote, na wengi huishia kuongeza vyuma vya mshazari juu ya gharama hiyo. Betri ya volti 12 ikiwa dhaifu, mfumo hukataa kumaliza kazi. Na usiuruhusu unyanyue matairi yote hewani: kabari hazishiki tairi lisilogusa ardhi.

Mpangilio wa kazi

Sawazisha kushoto na kulia kwanza, pikapu ikiwa bado imefungwa, kwa kupandisha matairi ya upande ulio chini juu ya vibao. Weka kabari za mpira. Fungua pikapu, kisha sawazisha mbele na nyuma kwa miguu ya mbele, ukiangalia pimamaji iliyowekwa sakafuni, si juu ya meza. Kama una friji ya gesi ya Norcold, kikomo chake ni nyuzi 3 kutoka ubavu hadi ubavu wa friji yenyewe na 6 kutoka mbele hadi nyuma yake. Kuiendesha nje ya hapo kunaharibu mfumo wake wa kupoza. Halafu sukuma nje vyumba vya pembeni, vile vinavyotoka ubavuni mwa trela kuongeza nafasi, maana vinahamisha uzito. Baada ya hapo ndipo zifuate jeki za nyuma, vyuma vya mshazari na, mwisho kabisa, kabari za X.

Siku ya kuondoka, rudisha vyumba vya pembeni ndani, legeza vyuma vya mshazari kabla ya kugusa mguu wowote, na pandisha jeki za nyuma. Ondoa stendi ya kingpini kabla pikapu haijarudi nyuma. Kabari za X na za mpira zinatoka baada ya pini kufungwa na kufuli lake kukaguliwa kwa macho.