Fremu nzuri, lakini picha yangu wameikata

Siku zimepita, ila hasira bado mbichi. Nilipeleka kwa mafundi wa fremu hapa Dar picha ya Louis wa 14 wa Ufaransa, chapa ya zamani niliyoinunua Paris kwa akiba yangu. Ni ile aliyoichora mchoraji Rigaud kwa rangi mwaka 1701, kisha Pierre Drevet akaja kuichonga kwenye bamba la shaba ili ichapwe kwenye karatasi.

Nilimwambia fundi asikate kitu. Akaitikia. Niliporudi, ukingo wote mweupe hakuna, na maandishi ya chini yamekwenda nao.

"Dada, si karatasi tupu tu ile? Picha yako si hii hapa?"

Vipande alishavitupa.

Karatasi tupu! Pale chini ndipo palipokuwa na majina ya Rigaud na Drevet. Pembeni palikuwa na kibonde chembamba, pale bamba lilipokandamiza karatasi yenye unyevu. Ukipitisha kidole unakisikia. Mchoro wenyewe ulikaa Versailles, kwenye kasri la mfalme. Karatasi kama yangu ndizo zilizotembea, zikamfikisha mfalme kwa watu ambao wasingemwona maisha yao yote. Nao walimwona hivi: mzee wa miaka 63, mguu umetangulizwa kama wa mcheza dansi, upanga kiunoni, joho limejaa mayungiyungi, maua ya nembo ya wafalme wa Ufaransa, anakutazama kutoka juu.

Tena bila rangi hata moja. Drevet alikuwa na mistari tu. Angalia manyoya ya bitana ya joho, yale meupe yenye vidoti vyeusi, vazi la kifalme hasa. Weupe ule si wino. Ni karatasi, mahali ambapo chuma chake hakikugusa shaba. Utukufu wa mfalme umekaa kwenye hiyohiyo "karatasi tupu", na huyu bwana ameichukulia mkasi!

Nyota moja. Haya, niseme kweli: fremu imenyooka, pembe zimekutana, bei waliyotaja ndiyo waliyochukua. Kama una picha ya harusi wapelekee, hawatakuangusha. Nilishafikia hata kuwapa tatu.

Ila jana nimeisogelea pale ukutani, nikaona ubao wa fremu umelala juu ya pindo la joho, umemeza mayungiyungi ya chini. Hapana. Inabaki moja. Na kuniomba radhi, mpaka leo hawajaniomba.