Baiskeli ya mtumba ya Japani, miezi saba mitaa ya Tanga: breki, taa na kisa cha oili

Nimeinunua mwezi wa tatu pale Ngamiani kwa laki na themanini, tumeanzia laki mbili na ishirini na jua linawaka, mi nimekaa tu kwenye kigoda cha muuzaji mpaka akachoka. Ni zile baiskeli za mama za Japani mnazoziona, kikapu mbele, rangi ya maziwa, kufuli ya mviringo kwenye gurudumu la nyuma, na vibandiko vya maandishi yao ambavyo mwanangu amekataa katakata nisivibandue. Muuzaji ananiambia "mama hii imeshuka kwenye kontena haijaguswa, we panda nenda." Haijaguswa kweli, manake tairi ubavuni zilikuwa na magaga kama visigino vyangu wakati wa kaskazi. Tairi mbili mpya na tyubu moja hizo zikatoka mfukoni mwangu wiki ileile, yeye simu hapokei tena.

Sasa mi sijaja kusifia rangi. Nataka kusema kuhusu usalama, kwa sababu natoka Makorora kwenda mjini kila siku asubuhi na narudi baada ya magharibi, duka tunafunga saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo nusu ya safari yangu ni giza na nusu ni daladala.

Kilichonifurahisha mwanzo kabisa ni kava la cheni. Wanawake wa Tanga tunaendesha baiskeli toka enzi za bibi zetu, wageni kutoka bara ndo wanasimama kushangaa mama na baibui lake anakanyaga pedeli, ila baibui na cheni ni maadui wa siku nyingi mwaya. Ile baiskeli yangu ya zamani ya Phoenix ilinila pindo hapo kwenye kuvuka reli, nikabaki nimening'inia mguu mmoja chini, baibui limejisokota kwenye meno na nyuma yangu bajaji linapiga honi kama vile nimeamua kukaa pale. Hii ya Japani cheni imefunikwa vizuri na fremu imeinama chini, unashuka bila kurusha mguu. Miezi saba pindo halijaguswa. (Hapo kwenye reli lakini, baiskeli yoyote ile, vuka kwa kukata moja kwa moja, ukipita kiubavu-ubavu gurudumu linaingia kwenye mfereji wa chuma na mvua ikiwa imenyesha ndo kabisa.)

Taa ya mbele pia naipa maksi zote. Dainamo iko ndani ya kitovu cha gurudumu, sio ile ya chupa inayosugua tairi mpaka unahisi unapandisha mlima wa Lushoto, na ina kijicho kinachoona giza chenyewe, likiingia tu taa inawaka. Sibonyezi kitu wala sichaji. Ukisimama inazimika kwa sababu umeme unatoka kwenye mzunguko, hiyo uijue, maana kwenye njia panda ukisimama kusubiri wewe ni kivuli tu.

Ila nyuma! Nyuma wametuwekea rifleta nyekundu peke yake, basi. Na rifleta haina mwanga wake, inarudisha mwanga wa mwenzako. Sasa mwenzako ni bodaboda ambaye taa yake imekufa tangu mwaka jana anaendesha kwa kumbukumbu, hapo rifleta inarudisha nini? Mwezi wa nne mmoja alinipita kwenye barabara ya Taifa karibu mpaka kioo chake kikanigusa kiwiko, hakuniona, na ukimuuliza atakwambia mi ndo nimetokea gizani, na sio uongo. Kesho yake nikanunua taa ndogo ya kuchaji ya elfu saba nikaifunga chini ya kiti. Ya kwanza ilikufa kwa maji ya mvua wiki ya pili, ya sasa nimeivalisha mfuko wa nailoni na inadunda. Tangu hapo magari yananipita kwa mbali zaidi, naona kabisa wanahama kabla hawajanifikia. Kwa hiyo bei ya baiskeli hii ni laki na themanini na saba, usiihesabu bila hiyo taa.

Haya tuje kwenye breki, hapa ndo nina la kusema.

Breki ya nyuma ya hizi baiskeli haibani rimu. Katikati ya gurudumu kuna kibakuli cha chuma, ndani kuna mkanda unaokumbatia ngoma, ndo maana kwenye masika inashika vilevile kama kiangazi, wakati Phoenix na rimu zake za kung'aa zikilowa unabana leo inashika kesho. Kasoro yake ni kelele. Inalia jamani, inalia kama mbuzi wa Idd, nikifika sokoni watu wanageuka. Nikaipeleka kwa fundi mmoja kijana, jina namuachia mwenyewe, nkamwambia fundi inalia. Akainama akasikiliza kama daktari, akasema "hii njaa ya oili tu dada", akachukua kile kichupa akaingiza matone ya kutosha kwenye kibakuli. Kimya! Nikamlipa buku na nikamshukuru juu.

Jioni nakata kona pale Barabara ya Kumi na Mbili, kikapuni nina nyanya na vibua, bajaji mbele yangu linasimama ghafla kushusha mtu. Nabana breki ya nyuma, nabana mpaka mpini unagusa usukani, baiskeli inateleza tu kimyakimya kama inaenda harusini. Bahati breki ya mbele nilikuwa sijailegeza, japo huyohuyo kijana alinishauri niilegeze eti itanirusha. Nikafika kwenye bamba la bajaji na gurudumu la mbele, kikapu kikajikunja, nyanya zikatangulia. Dereva akashuka ananiangalia, "mama vipi, breki umeziacha nyumbani?" Sikuwa na jibu, nikaanza kuokota vibua.

Mzee mmoja fundi wa kitambo ndo aliyenifungulia akanionesha. Mkanda umelowa oili chapachapa. Shikamoo nyingi nilimpa siku ile. Akasema breki inafanya kazi kwa msuguano, we ukiipaka mafuta umeiua, na mkanda ukishakunywa oili hausafishiki ukapona, unatupwa. Akatoa mwingine kwenye baiskeli iliyokufa, ngoma akaisugua na msasa na petroli, elfu nane. Bado inalia kidogo, na sasaivi nikiisikia naona raha. Akaniambia pia uzito unakimbilia mbele ukibana breki, kwa hiyo ya mbele ndo inayosimamisha zaidi, ubane zote mbili pamoja ukiwa umekaa kwa nyuma kwenye kiti, sio kuifungua waya ukaitundika kama pambo, na hapa mjini baiskeli za hivo ni nyingi mno.

Kwa hiyo tatizo la hii baiskeli mi naona ni kwamba mafundi wengi wanaitibu kama Phoenix. Uzuri wake ni kwamba kwenye upepo zinafanana, nozeli ni ileile, pampu yoyote ya kijiweni inaingia.

Keria ya nyuma imegongwa namba 25, maana yake kilo 25. Shemeji yangu akapakia gunia la mkaa na yeye mwenyewe juu, spoki mbili zikakatika. Hajaiazima tena. Kofia ngumu nimeijaribu moja ya mtumba, povu la ndani limekwisha, ukiibonyeza na kidole inaingia, hiyo ni sufuria tu, nikairudisha. Nikipata nzuri inayokaa juu ya mtandio nitavaa.

Mengine baiskeli haiwezi kukusaidia. Daladala ikikupita na kukukata kushoto kuingia kituoni, hiyo ni masikio yako. Mi nimejifunza kusikiliza konda, akigonga bati tu nishabana breki, siisubiri taa ya breki kwa sababu nyingi haziwaki. Na siku Coastal wanacheza Mkwakwani nazunguka mbali kabisa, sipiti karibu na uwanja, watu wakitoka pale na furaha yao hakuna anayeangalia baiskeli.

Baiskeli naipa 7 kwa 10. Mbili nimekata za taa ya nyuma, moja ya muuzaji na tairi zake za magaga. Mdogo wangu wa Sahare anataka na yeye, nimemwambia twende wote, nikifika nainua gurudumu la nyuma, nazungusha, nabana. Ikilia tunaongea bei, ikinyamaza tunaondoka.