Safari ya kuongeza masaa Dar–Iringa–Songwe kwa Cessna 172: maoni yangu kwa wenye PPL

Wakuu habari zenu, hii inawahusu zaidi nyie mliopata PPL (leseni ya urubani binafsi) halafu mmekwama kwenye masaa ya kuruka. Kuna jamaa wa Dar (jina nalihifadhi) wanaendesha safari ndefu za Cessna 172, kale kandege kadogo ka injini moja, unatoka Dar unatua Nduli pale Iringa, unaendelea mpaka Songwe huku kwetu Mbeya, mnalala, kurudi mnapitia Songea. Mwalimu anaweza kukaa pembeni yako au kutangulia na ndege nyingine wewe unafuata. Kiukweli nimeipenda, ila kwenye hela kuna mambo inabidi yasemwe.

Kwanza tuelewane kwa nini uhangaike na safari ndefu. Kwa viwango vya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), CPL, yaani leseni ya urubani wa kibiashara, inataka masaa 200, au 150 kama umesoma kozi nzima iliyoidhinishwa, na ndani yake kuna masaa 100 ya wewe kuwa kapteni (kwenye kozi ni 70), halafu 20 ya safari za mbali ukiwa kapteni, na moja wapo isipungue kilomita 540 huku umetua kabisa viwanja viwili tofauti. Sasa Dar–Nduli–Songwe inakaribia kilomita 700, yaani kwenda tu umeshamaliza hilo sharti, kwa mwendo wa noti 110 (kama kilomita 200 kwa saa) ni kama masaa matatu na nusu hewani upepo ukiwa mpole. Watu wanamwaga mamilioni kuzunguka uwanja uleule kutua na kupaa, masaa yanaingia kwenye logibuku (daftari la rubani la masaa) ndiyo, lakini siku ukikutana na milima unakuwa kama hujawahi kuruka.

Na milima ndo somo lenyewe. Dar unapaa usawa wa bahari, Nduli iko juu ya futi 4,600 na Songwe kama futi 4,400, na joto la mchana la nyuzi 25 pale Songwe linafanya hewa iwe nyepesi mpaka ndege ijione iko kama futi 6,600. Darasani wote tumesoma hiyo hesabu, kuiona ni kitu kingine. Mwalimu wao alinisimamisha mwanzo wa runwei, breki nimekanyaga, throto yote, yaani injini kwa nguvu zote, akaniambia vuta ile nobu nyekundu ya miksicha (inayopunguza mafuta yaendane na hewa nyepesi) taratibu, sindano ya mzunguko wa injini ikapanda, ikapanda, ilipoanza tu kushuka akasema rudisha kidogo, hapohapo, usiguse tena. Tukaachia breki na bado ile ndege ilichukua muda wake kukubali kupaa, ukitazama spidi inavyopanda kwa uvivu unashukuru Songwe ina lami ya zaidi ya kilomita 3. Kwa hicho kipengele kimoja tu mimi nawapa tano kwa tano.

Kipande cha Songwe–Songea ndo kitamu kuliko vyote. Unaacha Rungwe kushoto, ambao mara nyingi umejifunika wingu, chini ni migomba na chai ya Tukuyu, halafu ghafla ardhi inashuka mbele yako na Ziwa Nyasa lote hilo hapo. Njia ya mkato inakatisha maji, ila ndege ni ya injini moja na upande wa pili milima ya Livingstone imesimama wima kutoka ziwani, injini ikizima huko pa kutua hakuna. Mwalimu alitupitisha kwa juu ya Matema tukiwa futi 9,500 tukishikilia ufukwe, na muda wote ananiuliza ikizima sasa hivi unaenda wapi? 172 bila injini inateleza kama kilomita 2 na nusu kwa kila futi 1,000 inazoshuka, kwa hiyo unatafuta uwanja wa mpira, unatafuta mchanga, unamjibu, baada ya dakika kadhaa anauliza tena. Mtu anayefundisha hivyo hafanyi biashara ya masaa tu.

Kingine, mkiwa marubani wawili hawawadanganyi kwamba wote mtaandika masaa ya ukapteni kwa wakati mmoja. Mnabadilishana kiti kila mkitua, anayerusha ndo anaandika. Wapo wanaoahidi vinginevyo, masaa ya namna hiyo TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) wakiyakataa utalia mwenyewe.

Sasa lawama. Huku kusini avigesi (petroli ya ndege ndogo) haipatikani kirahisi, na hizi injini hazinywi Jet A-1 ya ndege kubwa, kwa hiyo mafuta ya kurudia yanaletwa kwa barabara kwenye mapipa. Hilo naelewa kabisa, ila kwenye bei ya mwanzo halikuwepo! Gharama ya kusafirisha mapipa, ada za kutua na kulaza ndege, malazi ya mwalimu, vyote vikaja mwishoni, na ukishakuwa Mbeya na ndege ya watu utakataa vipi. Hii sio sawa na niliwaambia. Pia waulizeni mita yao ya kuchaji inaanza kuhesabu lini, maana logibuku inahesabu tangu ndege inapoanza kusogea ili ipae mpaka inaposimama mwisho wa safari, na yao inaanza injini ikiwaka tu. Ukisubiri ruhusa ya tawa (mnara wa kuongozea ndege) kabla hujasogea huku injini inaunguruma unalipia dakika ambazo huziandiki popote.

Msimu nao uangalie. Mvua za huku zinaanza Novemba mpaka Aprili, wingu linajaa mabondeni mapema na ukungu wa Songwe kila abiria wa Mbeya anaujua. Juni mpaka Septemba ndo nzuri, baridi kali lakini anga safi, na mpae asubuhi kabla joto halijaanza kuitikisa ndege. Kama bado uko chini ya mwalimu hujapata PPL, subiri kwanza. Mwenye PPL nenda, ila uwe na bei kamili kwa maandishi, mapipa yakiwemo, ndo utume hela.