Vijitabu vya arobaini ya mwenzetu
Tulochanga ni sisi tuliosoma nae Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tukaenda duka moja la printi Kariakoo kutengeneza kijitabu cha wasifu wa marehemu, kurasa 12 za rangi. Jamaa wa kompyuta anajua bwana, picha yetu ya mahafali pale Nkrumah Hall ilishafubaa kabisa akaisafisha mpaka joho likarudi jeusi, mama yake alivyoiona kaishika tu hasemi kitu. Ila umakini sasa! Mwenzetu alikuwa injinia wa maji, kazunguka na visima vya Dodoma na Singida miaka kibao, wao wakaandika injinia wa magari, aa jamani. Prufu, ile nakala ya kukagua kabla hawajachapa, someni wenyewe. Walirudia bure lakini tulikesha dukani, arobaini yenyewe kesho yake. Nyota 3.