Kozi ya Historia ya Bure Iliyofungwa Katikati ya Kipindi

Mwalimu yeyote anayefikiria kujenga vipindi vyake juu ya kozi za bure za mtandaoni ninamsihi asome haya kwanza, kwa sababu mimi nimeaibishwa mbele ya wanafunzi wangu na hasira haijanitoka.

Ninafundisha Historia katika sekondari moja mkoani Lindi, na siku zote nimeamini kwamba somo hili haliwezi kufundishwa peke yake. Nilipoipata kozi inayohusu biashara ya Bahari ya Hindi, niliwashawishi walimu wa Jiografia na Kemia tuunganishe vipindi. Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia. Mwalimu wa Jiografia alieleza jinsi bara la Asia linapopata joto linavyovuta upepo wa kusi, na jinsi kaskazi inavyoshika zamu bara hilo linapopoa. Nami nikapokea hapo hapo, nikaonyesha kwamba jahazi lililoletwa na kaskazi kutoka Arabuni halikuwa na budi kungoja kusi ndipo lirudi, na kwamba katika kungoja huko watu walioa, wakazaa na kujenga. Mwanafunzi mmoja, ambaye baba yake ni nahodha, akauliza kwa nini basi Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ilhali bandari ya dhahabu ilikuwa Sofala, mbali kusini katika Msumbiji ya leo. Ramani ya kozi ilimjibu vizuri kuliko kitabu chochote nilicho nacho: Kilwa iko karibu na mwisho wa eneo ambalo chombo kiliweza kufika na kurudi ndani ya msimu mmoja, na anayekwenda kusini zaidi aliingia hatari ya kukwama hadi mwaka unaofuata.

Kisha ikaja siku ya Kemia. Tulikuwa tumefika kwenye Husuni Kubwa, jumba la sultani wa Kilwa la karne ya 14, na video ilikuwa inakaribia ukuta wa matumbawe ili tuone jinsi mawe yalivyoshikanishwa kwa chokaa. Picha ikakatika. Badala yake, ukutani mbele ya darasa zima, likatokea tangazo kwamba muda wangu wa bure umekwisha na kwamba nilipe, kwa dola, nikitaka kuendelea. Wanafunzi wakanigeukia. Wengine walidhani ninadaiwa.

Neno «bure» liko juu kabisa ya ukurasa wa kujiunga, kwa herufi kubwa, na hapakuwa na mstari wowote hapo unaosema kwamba bure hiyo ina tarehe ya mwisho. Niliwaandikia wenye kozi kwa adabu, nikaeleza kwamba ninafundisha shule ya umma na kwamba nimepanga masomo matatu kwa kuitegemea kozi yao. Jibu lilichukua siku kadhaa, likaja na mistari miwili isiyo na hata salamu: kozi ni ya mtu binafsi, si ya darasa, na asiyelipa hana madai. Hivyo ndivyo anavyojibiwa mwalimu?

Nilikuwa nimeamua kuandika kwamba msiiguse kabisa. Ila haki lazima niitende: siku ile mwalimu wa Kemia alichukua chaki, akaandika jinsi kalisi kaboneti ya matumbawe inavyochomwa ikatoa kaboni dioksaidi na kubaki chokaa hai, na darasa likamfuata bila kusumbuka kwa sababu kozi ilikwisha kuwatia hamu. Kwa maudhui, basi, ningewapa alama za juu. Lakini kila nikiikumbuka ile mistari miwili ninazifuta tena, maana maudhui mazuri yanayoweza kunyakuliwa mwalimu akiwa amesimama ubaoni hayafai kupangiwa andalio la somo.

Kwa sasa ninatumia tu kozi ambazo video na ramani zake zinaruhusiwa kupakuliwa na kuhifadhiwa kabla ya kipindi. Hawa siwarudii mpaka waandike tarehe ya mwisho kwenye ukurasa wa kujiunga, kwa herufi za ukubwa uleule waliotumia kuandika «bure».